Taa za Breki Zisipowaka: Kitenzi cha Kiswahili katika Gereji za Kisii na Nyamira

Utangulizi

Wanafunzi wa Kiswahili tumezoea kulizungumzia suala la istilahi kana kwamba ni suala la nomino peke yake. Pakiulizwa iwapo Kiswahili chaweza kufundishia ufundi wa magari, mara mjadala huhamia kwenye majina: kifaa hiki kiitweje, kile kitafsiriwe vipi, neno hili la mkopo likubaliwe au likataliwe. Makala haya yanashikilia msimamo tofauti. Katika gereji za Kisii na Nyamira, nomino nyingi ni za kukopa na hakuna anayeumizwa na jambo hilo. Kazi nzito ya kufikiri hubebwa na vitenzi, hususan minyambuliko na nyakati zake. Ili hoja hii isibaki kuelea hewani, tutaifuata hitilafu moja hatua kwa hatua, yaani gari la zamani ambalo taa zake za breki zimegoma.

Ikumbukwe kwamba hitilafu hii si ya kupuuzwa katika eneo tunalolizungumzia. Anayeifahamu barabara itokayo mjini Kisii kuelekea Nyamira na Kebirigo, au ile ipitayo Keroka kuelekea Sotik, anajua jinsi inavyopanda na kushuka. Mvua hunyesha karibu mwaka mzima, na asubuhi nyingi ukungu hutanda mabondeni. Malori ya majani chai na ya ndizi hushiriki barabara hizo pamoja na Probox zilizosheheni abiria. Dereva aliye nyuma hawezi kuiona miguu ya aliye mbele. Anachokiona ni taa nyekundu tu. Kwa sababu hiyo, gari lenye breki kali na taa mbovu laweza kuwa la hatari kuliko lenye breki hafifu, maana husimama ghafla bila kumwonya yeyote. Aidha, magari yenyewe yana umri. Zipo Peugeot 504, zipo Volkswagen za mgongo wa kobe, zipo Toyota zilizopewa jina la DX, na zote zimepita mikononi mwa mafundi wengi, kila mmoja akiacha waya wake.

Kikanushi kama ushahidi

Uchunguzi huanza kabla ya bisibisi kuguswa. Huanza pale mteja anapofungua kinywa. Tuchukue mfano wa mwalimu anayeleta gari lake gerejini karibu na soko la Daraja Mbili. Anaweza kusema, "Fundi, taa za breki haziwaki." Anaweza pia kusema, "Jana usiku hazikuwaka." Au aseme, "Hazijawaka tangu balbu zibadilishwe." Katika darasa la sarufi tungezipanga sentensi hizi chini ya ukanushaji wa nyakati na kuendelea na somo. Kwa fundi, hizo ni hitilafu tatu.

Haziwaki ni hali ya kudumu: kuna mahali njia ya umeme imefungwa kabisa, na mahali hapo patapatikana. Hazikuwaka ni tukio lililopita. Huenda leo zinawaka vizuri, kwa hivyo fundi atashuku kitu kinachoshika na kuachia, kama vile holda iliyolegea, au swichi inayokwama mara moja moja. Hazijawaka tangu ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote, kwani inataja mpaka. Kabla ya balbu kubadilishwa mambo yalikuwa shwari. Basi mshukiwa wa kwanza ni kazi ya mwisho iliyofanywa. Fundi asiyesikiliza kiambishi cha wakati atalifungua gari zima bila sababu.

Hapo ndipo fundi anapojibu, "Mwalimu, hebu kanyaga nione," naye akaenda nyuma ya gari. Asiye na msaidizi hulirudisha gari nyuma hadi karibu na ukuta jioni, akakanyaga breki, akautazama wekundu ukutani. Katika magari mengi taa hizi huwaka hata ufunguo ukiwa umetolewa, lakini yapo ya zamani yanayohitaji ufunguo ufunguliwe kwanza. Ni vyema kulijua gari kabla ya kulihukumu.

Kuungua, kuunguzwa, kukatika, kukatwa

Ikiwa taa moja inawaka na nyingine haiwaki, fyuzi na swichi huachwa, maana ndizo zinazozilisha taa zote mbili. Kinachotazamwa ni balbu. Katika magari mengi ya zamani balbu ya nyuma ina nyuzi mbili ndani ya kioo kimoja: wa wati 5 kwa taa ya usiku na wa wati 21 kwa breki. Ndiyo maana taa ya nyuma yaweza kuonekana nzima usiku kucha ilhali breki haina taa. Uzi mmoja umeungua, mwenzake yungali hai. Vipini viwili vya pembeni mwa balbu hiyo havilingani kwa urefu, kusudi isiingie kwa kupinduliwa. Anayeilazimisha hujikuta na gari ambalo usiku huwaka kana kwamba limekanyagwa breki muda wote.

Sasa tuzingatie kitenzi ungua. Fundi husema balbu imeungua, na husema pia fyuzi imeungua. Kwa sikio la kawaida ni habari moja. Hata hivyo, mantiki yake hutofautiana. Balbu huungua kwa uzee wake. Uzi umekonda, umekatika, na hakuna wa kulaumiwa. Fyuzi haizeeki namna hiyo. Balbu mbili za wati 21 katika umeme wa volti 12 huvuta takribani ampea 3.5 tu, ilhali fyuzi yake kwa kawaida ni ya ampea 10 au 15. Fyuzi kama hiyo ikiungua, kuna kilichoiunguza. Fundi mzoefu basi haishii kwenye kauli ya kutenda, huhamia kauli ya kutendeshwa na kuuliza, "Imeunguzwa na nini?" Mwanagenzi huweka fyuzi mpya, nayo huungua mara tu breki inapokanyagwa. Wa tatu, na huyu ndiye wa kuogopwa, huweka kipande cha waya mahali pa fyuzi ili isiungue tena. Hapo kitakachoungua ni gari.

Kinachounguza mara nyingi ni shoti: waya umechubuka ukagusa bodi. Na hapa kuna jozi nyingine ya kutazamwa. Waya umekatika ni kauli ya kutendeka. Hitilafu imejizaa kwa kukunjwa na kukunjuliwa, hasa penye bawaba za mlango wa nyuma, au kwa kutu. Waya umekatwa ni kauli ya kutendwa. Nyuma yake kuna mtendaji, awe panya au fundi wa jana aliyekuwa akitafuta umeme wa redio. Ukijua ni kutendeka, utautafuta waya mahali panapokunjwa. Ukijua ni kutendwa, utatafuta mahali palipofunguliwa na mkono wa mtu. Mhadhiri atakayesikia "waya imekatika" atataka kuurudisha upatanisho katika ngeli ya U-ZI, na kwa mujibu wa kamusi ana haki. Lakini asiache kusikia kiambishi -ik- kwa kushughulika na i- ya mwanzo.

Swichi inayofanya kazi kwa kuachwa

Taa zote mbili zisipowaka, huku taa za usiku zikiwa nzima na fyuzi nzima, macho hupanda juu ya pedali. Hapo kuna swichi ndogo yenye kitufe. Wengi hudhani kukanyaga breki ndiko kunakokibonyeza kitufe hicho. Mambo ni kinyume. Pedali ikiwa imetulia ndiyo inayokibonyeza, na umeme hukatwa. Ikikanyagwa huondoka, kitufe huachiliwa, umeme hupita. Kwa hiyo swichi ikiwa imewekwa karibu mno, taa hazitawaka mpaka pedali ishuke sana. Kuna nati ya kurekebishia umbali huo. Kati ya pedali na kitufe, katika magari mengi, huwa na kipande kidogo cha raba au plastiki. Kikivunjika kwa uzee na kuanguka, kitufe hupata tundu la kutokezea, na taa huwaka mchana na usiku hadi betri iishe. Mwenye gari hununua betri, kumbe anadaiwa raba.

Kuipima swichi hakuhitaji chombo cha bei. Plagi yake huchomolewa na tundu zake mbili kuunganishwa kwa kipande kifupi cha waya. Taa zikiwaka, swichi ndiyo mgonjwa au imekaa vibaya. Zisipowaka, chunguza njia inayoileta na inayoondoka. Volkswagen za zamani ni kisa kingine: swichi yake haiko kwenye pedali bali kwenye silinda kuu ya breki, na husukumwa na mafuta ya breki yenyewe. Anayeitafuta juu ya pedali atainama bure.

Athi

Neno hili linastahili kituo. Umeme ukishapita kwenye balbu hauna waya wa kuurudisha hadi betri. Hurudi kupitia chuma cha bodi. Njia hiyo ya kurudi mafundi huiita athi, neno lililotoholewa kutoka Kiingereza. Asiyejua hudhani ni ardhi, neno letu la Kiarabu, na kwa bahati ya ajabu hapotei, kwa kuwa maana ya asili ni ileile. Isipokuwa ardhi ya gari haigusi udongo. Inaelea juu ya magurudumu manne ya mpira.

Athi ikishikwa na kutu, taa hazizimi tu bali huanza vituko. Ukikanyaga breki, indiketa nayo hufifia-fifia. Taa za usiku huwaka kidogo zikiwa zimezimwa. Mkondo umekosa njia ya kurudi nyumbani, ukaamua kupita kwa majirani. Nchi ya mvua kama Gusii huzalisha hitilafu hii kwa wingi, kwani raba ya kuzibia taa ikichakaa maji hutuama ndani. Tiba yake ni msasa, kukaza skrubu, na subira. Tukiangalia lugha, uradidi ndio dalili: taa inayowaka na taa inayowakawaka zina maradhi tofauti, na ya pili karibu kila mara ni ya kitu kilicholegea.

Kuhusu darasa

Ekegusii nacho, kama lugha nyingine za Kibantu, hunyambua vitenzi kwa viambishi tamati. Kwa hivyo mwanagenzi wa Keroka au Nyansiongo huingia gerejini akiwa na mtambo huu tayari. Anachokopa ni balbu na fyuzi. Huenda akaitamka balbu "barubu", kwa kuwa Ekegusii hakina sauti /l/, na taa itawaka vilevile. Tatizo humpata anapoingia chuo cha ufundi, ambako nchini Kenya mafunzo huendeshwa kwa Kiingereza. Anayetofautisha kuungua na kuunguzwa bila kusita huonekana hajui kitu, kwa sababu hajaulizwa kwa lugha anayofikiria. Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi. Vitabu vya ufundi wa magari havijasikia habari hiyo.

Walimu wa shule za upili wanaweza kuanza bila kungoja vitabu. Somo la mnyambuliko lina mifano ya kutosha ya mama anayepika na chakula kinachopikika. Wanafunzi wapewe maneno haya ya wateja watatu, kisha waeleze fundi aanzie wapi na ni kipashio kipi cha lugha kilichowaongoza:

"Ya kushoto imekataa, ya kulia iko sawa."

"Nikikanyaga breki, indiketa inawakawaka."

"Fundi, nimeamka nikakuta betri imeisha, na jana gari sikuliendesha."

Sentensi ya tatu haina neno taa wala neno breki. Wapewe muda zaidi kwa hiyo.