RAMADHANI, SIKU YA 18: Hiba ya Mdomoni



Juzi baada ya alasiri alinijia dada mmoja analia. Baba yake kila Idi alikuwa akisema mbele ya watoto wote: "Fremu ya barabarani ni ya huyu, ndiye anayeniuguza." Mzee kafariki mwezi wa Rajabu. Kaka zake hawakatai kwamba alisema. Wanauliza tu: kodi ya fremu alikuwa anachukua nani? Ni mzee mwenyewe, mpaka mwezi wa mwisho.

Sikuwa na jibu alilolitaka. Katika madhehebu yetu ya Shafi, mtoaji atamke, mpewa akubali, kisha akabidhiwe. Hilo la kukabidhi ndo linatuangusha. Abu Bakr (r.a.) alimpa bintiye Aisha (r.a.) mavuno ya mitende, wasaq 20, kutoka mali yake ya al-Ghaba. Hakuwahi kuyachukua. Mauti yalipomkaribia, Abu Bakr akamwambia kuwa angeyachukua yangekuwa yake, lakini sasa ni ya warithi. Huyo ni Siddiq na Mama wa Waumini. Sisi je?

Basi mzee, ukiwa mzima, waite watoto wote kwanza. Bashir alipotaka kumshuhudisha Mtume (s.a.w.) zawadi ya mwanawe Nu'man, aliulizwa kama wengine nao kawapa. Hakuwa amewapa, na Mtume akakataa kushuhudia.

Kisha nenda kwa wakili anayeapisha, au kwa hakimu. Hati ya kiapo itaje mali ilipo, uliipataje, unampa nani, kwamba hukulazimishwa, na tarehe uliyokabidhi. Mpewa naye asaini kuwa kapokea. Kama ni nyumba ya familia, mkeo aridhie kwa maandishi. Lakini jamani, kiapo ni ushahidi tu, hakibadilishi jina kwenye hati. Kwa hiyo andikisheni na hati ya zawadi, muipeleke ofisi ya ardhi, au serikali ya kijiji kama ni shamba la kijijini. Na kodi kuanzia siku hiyo apokee yeye!

Usingoje kitanda. Hiba ya maradhi ya mauti huhesabiwa kama wasia, na wasia kwa mrithi haupiti mpaka warithi wenzake waridhie.

Yule dada na kaka zake tunakaa nao Jumamosi baada ya tarawehe. Wakimwachia kwa hiari yao, safari hii tutaandika.

Kesho inshaAllah: wasia na theluthi.