Mjumbe wa Nchi Isiyo Yake

Wazazi wengi siku hizi huletewa barua na shule kwamba mtoto wao amechaguliwa kwenda Nairobi, kwenye mkutano wa wanafunzi unaoigiza Umoja wa Mataifa. Barua hutaja nauli, ada na mavazi ya heshima. Kazi yenyewe haielezwi sawasawa. Basi yafaa tuieleze, maana gharama si ndogo, na ndani yake limo swali ambalo baba na mama wana haki ya kuliuliza.

Mikutano ya namna hii si mipya. Tangu mwaka 1968 shule za sekondari za nchi nyingi hukutana The Hague, Uholanzi, kwa kazi hiyo hiyo. Na shule za Afrika Mashariki hukutana Nairobi, mji ambao Umoja wa Mataifa una ofisi zake kubwa pale Gigiri. Kila shule hupewa nchi. Mwanafunzi huketi nyuma ya kibao chenye jina la nchi hiyo, hukiinua aombapo ruhusa ya kunena, wala hasemi “mimi naona”, bali “ujumbe wa nchi yangu waona”. Siku zote za mkutano huishia katika kutunga azimio: kwanza sababu, kisha mambo ya kutendwa, kisha masahihisho, na mwisho kura.

Kwa kawaida nchi apewayo mtoto si yake, na hapo ndipo penye somo. Tuseme kijana wa kidato cha tano kutoka Mwanza amepewa Misri, na shauri lenyewe ni maji ya mto Nile. Kijana huyu amekua kando ya ziwa ambalo kwalo Nile Nyeupe hutoka. Nyumbani amesikia kwamba mwaka 1929 Uingereza na Misri zilipatana kwamba katika nchi zilizotawaliwa na Waingereza pasijengwe kitu mtoni wala ziwani cha kupunguza maji ya Misri, isipokuwa Misri yenyewe ikubali. Amefundishwa kwamba mwaka 1962 serikali ya Tanganyika ilitangaza kuwa haifungwi na mapatano hayo, na kwamba baadaye maji ya ziwa yalipelekwa kwa mabomba hadi Kahama na Shinyanga. Tena mwaka 2010, huko Entebbe, Tanzania ilitia sahihi mkataba mpya pamoja na Ethiopia, Uganda na Rwanda. Nao ulianza kuwa na nguvu mwaka 2024, Misri ikiwa imeukataa. Yote hayo inampasa ayaache Sirari, mpakani, basi livukapo kuingia Kenya.

Badala yake ajifunze hofu ya jirani. Misri ni jangwa. Watu wake wamepita milioni 100, na karibu wote wanakaa kandokando ya mto na katika delta yake. Mvua ni haba sana, na zaidi ya sehemu tisa katika kumi za maji yao ni ya Nile. Maji mengi ya mto huo, kadiri ya asilimia 85, hutoka milima ya Ethiopia. Ethiopia ilianza kujenga bwawa kubwa la umeme mwaka 2011 na kulizindua mwaka 2025, na katikati ya miaka hiyo Baraza la Usalama lilisikiliza shauri hilo mara mbili, mwaka 2020 na 2021. Mkulima wa Misri ambaye hajapata kuona shamba likinyweshwa na mvua ana sababu ya kuuliza nani atashika ufunguo wa lango la maji. Kijana wetu akiisha kuelewa hivyo, hata kama moyoni angali Mtanzania kamili, amekwisha faidi nusu ya safari kabla ya kupanda basi.

Sasa lile swali. Je, kumtuma mtoto atetee jambo asiloliamini si kumzoeza uongo, kinyume cha amri ya nane? La, sivyo. Uongo wataka mtu wa kudanganywa, na katika ukumbi ule hakuna adhaniaye kwamba kijana wa Mwanza ametumwa na Cairo. Maoni ameazima, na kila mtu ajua. Lakini mambo yenyewe yaliyotukia hayaazimwi. Mjumbe wa Ethiopia akimwuliza kama mapatano ya mwaka 1959, yaliyoipa Misri mita za ujazo bilioni 55.5 na Sudan 18.5, yaliihusisha Ethiopia, hana ruhusa ya kujibu kwamba Ethiopia ilitia sahihi. Haikutia, wala haikuitwa. Aliyejiandaa anaweza kujibu kwa kutaja mkataba wa mwaka 1902, ambao ndani yake Mfalme Menelik aliwaahidi Waingereza kwamba hatazuia mkondo wa Nile ya Bluu pasipo kupatana nao. Waethiopia wanaupinga mkataba huo kwa hoja zao, na hapo mabishano yana maana.

Hofu yetu iko kwenye tuzo. Mikutano mingi humpa zawadi mjumbe bora, na mwenyekiti mwenye vibao vingi mbele yake humkumbuka kwa urahisi yule aliyesimama mara nyingi. Kijana mwerevu hutambua upesi kwamba hakuna nafasi ya kuipima kila hesabu itajwayo, na kishawishi cha kubuni ni kikubwa. Mwalimu awaambie waziwazi kabla ya kuondoka: tarakimu usiyoijua, usiitaje.

Akirudi, mzazi asimwulize kwanza kama alishinda. Amwulize Misri inaogopa nini, na kwa nini Tanganyika ilikataa mwaka 1962. Tena ajibu kwa Kiswahili, kwa kuwa huko alisema Kiingereza siku zote, na maneno ya kukariri katika lugha ya kigeni huweza kupita kinywani bila kugusa akili. Shule nayo impe jioni moja mbele ya wenzake ambao wazazi wao hawakuwa na nauli, na mmoja wao aketi na kibao cha Ethiopia.