Marudio: Istilahi ya Mabaki ya Dhahabu

Istilahi hubeba maarifa ya wale wanaoitumia. Katika machimbo madogo ya dhahabu nchini Tanzania, mchanga unaosalia baada ya mawe kusagwa, kuoshwa na kuchanganywa na zebaki huitwa marudio. Neno hili, lenye mzizi wa kitenzi 'rudi', halimaanishi taka. Linaashiria kitu kitakachorejelewa, na sababu yake ni ya kikemia.

Zebaki hushikana na chembe za dhahabu zilizo wazi tu. Zilizofungwa ndani ya mawe huponyoka, hivi kwamba mara nyingi zaidi ya nusu ya dhahabu husalia mchangani. Ndiposa mchanga huo hulowekwa katika matangi yenye myeyusho wa sayanidi. Sayanidi huyeyusha dhahabu, kisha kaboni huinasa.

Hata hivyo, jina hilo halisemi yote. Marudio huhifadhi pia zebaki iliyopotea, na sayanidi huiyeyusha nayo, ikarahisisha kuenea kwake majini. Kwa sababu hiyo, Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 unataka hatua zichukuliwe kukomesha matumizi ya sayanidi kwenye mabaki ambayo zebaki yake haijaondolewa kwanza.

Mwanaleksikografia atakayefasili marudio kuwa 'mabaki yenye madini' atakuwa ametaja faida pekee. Fasili inayomfaa mchimbaji haina budi kutaja mali na sumu kwa pamoja.