Shokapu za Mbele Zikivuja, Tazama Bomba Kwanza

Dereva wa bodaboda huizoea shokapu mbovu bila kujua. Leo pikipiki inazama mno akishika breki, baada ya wiki mbili usukani unagonga kila akivuka tuta, kisha anaona mafuta yameganda na vumbi chini ya sili. Anakwenda gereji, anabadilishiwa sili, na kabla ya mwezi kwisha mafuta yanachuruzika tena. Yalinipata hayo, nikalipa mara mbili, hadi nilipolipapasa bomba mwenyewe kwa ukucha. Juu kidogo ya sili palikuwa na kidoa cha kutu kidogo kuliko punje ya mchele. Kila shokapu ilipozama, kidoa kile kiliukwaruza mdomo wa sili mpya.

Kwa hiyo kabla ya kununua spea, futa bomba lile linalong'aa na ulipitishie ukucha kuanzia juu hadi chini, pande zote. Penye mkwaruzo mdogo, sugua taratibu kwa msasa wa maji namba 1000, umalizie na 2000. Kutu ikishachimba shimo, au kromu ikianza kubanduka, msasa hausaidii, nunua bomba. Angalia pia kama si koni za usukani zinazogonga: inua gurudumu la mbele, shika shokapu zote mbili kwa chini, vuta na kusukuma. Ukisikia mchezo pale kwenye shingo ya pikipiki, tatizo liko kwenye koni.

Ukiamua kufungua, simamisha pikipiki kwenye stendi ya katikati na uweke gogo au kreti imara chini ya injini. Usianze kazi hii pikipiki ikiyumba. Toa gurudumu na madigadi. Kabla ya kuchomoa shokapu, legeza bolti inayobana bomba kule juu, kisha legeza kidogo nati ya kifuniko. Shokapu ikishachomolewa, nati hiyo husumbua sana. Legeza pia bolti ya alenki iliyo chini kabisa wakati springi bado inasukuma ndani, la sivyo fimbo ya ndani itazunguka pamoja na bolti na utabaki unahangaika. Unapomalizia kufungua kifuniko, kikandamize kwa kiganja na uso uwe pembeni, kwa sababu springi inaweza kukirusha.

Mwaga mafuta ya zamani kwenye kopo, wala usiyamwage mtaroni. Ng'oa mpira wa vumbi, toa pete ya waya, ndipo sili itoke. Ukiitoa kwa bisibisi, weka kitambaa chini yake ili usichubue alumini. Sili huwa na namba tatu, kwa mfano 31, 43 na 10.3: ya kwanza ni unene wa bomba, ya pili ni upana wa nje, ya tatu ni kimo, zote kwa milimita. Nenda dukani na namba hizo, maana jina la pikipiki peke yake linaweza kukupotosha. Badilisha sili za pande zote mbili, na washa ya shaba ya ile bolti ya chini.

Osha kila kitu kwa mafuta ya taa, mbali na moto, ukaushe kabisa. Livingirishe bomba juu ya kioo; likipepesuka, limepinda. Mdomo wa bomba ufunike kwa kipande cha nailoni kilichopakwa mafuta, ili ncha isikate sili inapopita. Upande wa sili wenye namba uangalie juu. Igonge taratibu, ukiweka sili ya zamani juu yake na kutumia kipande cha bomba la plastiki la maji, hadi mfereji wa pete uonekane wote.

Hapa kwenye mafuta ndipo wengi wanapoharibu. Wanamimina oili ya injini, tena iliyokwisha kutumika. Oili nzito huifanya shokapu iwe ngumu na kuchelewa kurudi, na uchafu wake husaga sili. Tumia mafuta ya shokapu ya uzito unaotajwa kwenye kitabu cha pikipiki. Nyingi ndogo hutumia 10W. Kiasi nacho kipo kitabuni. Kipime kwa bomba kubwa la sindano, pande zote mbili sawasawa, kisha pampu shokapu taratibu mara kumi au zaidi hewa itoke. Upande mmoja ukipata mafuta zaidi ya mwingine, shokapu hazitafanya kazi sawa.

Ukimaliza kufunga, kaza nati ya ekseli, jaribu breki pikipiki ikiwa imesimama, kisha endesha polepole mtaani bila abiria. Kama mafuta yaliwahi kufika kwenye breki ya mbele, safisha diski na ubadilishe pedi; breki yenye mafuta haishiki. Na kila jioni ukitoka kwenye matope, futa mabomba yale mawili kwa kitambaa kibichi kabla udongo haujakauka.