Kuhudhurisha Moyo katika Sala

Yawezekana mvuvi wa Ndagoni, kisiwani Mafia, akasimama katika Sala ilhali moyo wake ungali pwani, ukigombana na mwenzake aliyempasulia wavu. Ulimi wasoma Alhamdu, moyo watunga matusi. Je, Sala hiyo yaweza kumzuilia hasira?

Wataalamu wa elimu ya nafsi nao wamelishughulikia jambo hili. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn alianzisha huko Massachusetts, Marekani, mafunzo ya kutuliza fikira yaliyotokana na desturi za Kibudha. Mwaka 1990 Peter Salovey na John Mayer walieleza kwamba kuzitambua na kuziongoza hisia zako na za wenzako ni sehemu ya akili. Uislamu ulikwisha kuyaunganisha mambo haya katika Sala, mbele ya Mwenyezi Mungu Aliye Hai.

Tazameni Sura Al-Maun. Humo wanalaumiwa wenye kusali huku wameghafilika na Sala zao. Na katika Sura hiyo hiyo yatajwa kumsukuma yatima na kuwanyima watu hata msaada mdogo. Basi kughafilika mbele ya Mungu na ugumu wa moyo mbele ya watu ni ugonjwa mmoja.

Kinyume chake twakiona kwa Mtume Mtukufu s.a.w. Hakuna aliyezama katika Sala kuliko yeye. Hata hivyo, aliposikia mtoto analia aliifupisha Sala, kwa kumhurumia mama yake. Kuhudhuria kwake hakukumtia uziwi, bali kulimfungua masikio.

Seyidna Ahmad a.s., katika hotuba yake iliyosomwa Lahore Desemba 1896, alieleza kwamba hali za asili za mwanadamu huwa tabia njema zinapotumiwa kwa akili na mahali pake. Hasira nayo ni hivyo. Lakini ataiongozaje mtu asiyetambua kwamba imemjia?

Basi, ewe mtafuta ukweli, jifunze maana ya maneno unayoyasoma. Usiikimbilie rukuu. Fikira ikitoroka, irudishe, wala usikate tamaa. Na nje ya Sala, hasira ikikupanda, fuata agizo la Mtume s.a.w.: ukiwa umesimama, kaa, isipoondoka, lala.

Kisha usijipime kwa machozi uliyoyamwaga msikitini. Mwendee yule aliyekupasulia wavu, ujipime kwa neno la kwanza utakalomwambia.

Mwenyezi Mungu atujalie Sala zenye uhai. Amin.