Sensa Zisizo na Waya Mbulu na Hanang: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Sensa uliyoongeza kwenye mtambo wa ulinzi ikigoma, neno la kwanza kinywani ni kwamba umeuziwa feki. Wakati mwingine ni kweli. Mara nyingi zaidi sensa ni nzima, ila imebandikwa kwenye chuma, imefichwa nyuma ya bati, au haijawahi kutambulishwa kwa paneli inayopokea ujumbe wake. Masharti haya yameandikwa kwa nyumba za Mbulu na Hanang jinsi zilivyo: milango ya chuma, paa la bati, zizi hatua chache kutoka chumba cha kulala, baridi ya Juni na Julai, na umeme unaokatika bila kuaga.

Usiamini taa ya sensa. Hapa ndipo wengi wanapopotea. Sensa nyingi za bei ya chini husema tu, hazisikii. Mlango ukifunguka, sensa inarusha mawimbi ya redio kisha inanyamaza, na haina njia ya kujua kama paneli imepokea. Ile taa nyekundu inathibitisha kwamba sensa imetuma, basi. Ushahidi uko kwenye paneli: namba ya sensa ionekane kwenye kioo, au king'ora kilie. Fundi anayekuonyesha taa ya mlangoni na kudai malipo hajamaliza kazi. Usimlipe.

Usihesabu kimya kuwa ni usalama. Mitambo mizuri huzitaka sensa zitoe taarifa kila baada ya muda kwamba bado ziko hai, na paneli hulalamika isipozisikia. Mingi ya bei nafuu haina utaratibu huo. Betri ya sensa ya dirisha la nyuma inaweza kufa leo, na paneli ikaendelea kukuonyesha mwaka mzima kwamba nyumba inalindwa. Kwa hiyo jaribu kila sensa mara moja kwa wiki. Fungua mlango, pita mbele ya sensa ya mwendo, sikiliza king'ora. Waarifu majirani kwanza, wasije mbio na fimbo.

Soma masafa kabla ya kutoa hela. Vifaa vingi vinavyouzwa madukani kwetu hutumia megahezi 433.92. Vingine vilivyotengenezwa kwa soko la Ulaya hutumia 868. Marekani ni habari nyingine: kuna vya 315, sensa nyingi za Honeywell ziko 345, na za Interlogix ziko 319.5. Ndugu yako akikuletea mtambo kutoka kule, sensa ya 433 uliyonunua Kariakoo au Arusha haitasikilizana nao hata ukiigusisha na paneli. Tena angalia chaja ya mtambo huo: kama haikuandikwa kwamba inakubali hadi volti 240, usiichomeke kwenye umeme wa TANESCO.

Masafa kufanana hakutoshi. Kila kampuni ina namna yake ya kupanga ujumbe, na sensa ya 433 ya kampuni moja inaweza kuwa bubu kwa paneli ya 433 ya kampuni nyingine. Dai kuona vikiwasiliana palepale dukani. Muuzaji akikataa kufungua boksi, nenda duka la pili. Na uulize kama kifaa kimeidhinishwa na TCRA, kwa sababu sensa hizi ni redio, na redio zina sheria.

Sajili sensa moja moja. Futa usajili wa zamani, weka paneli katika hali ya kujifunza, kisha iamshe sensa mpya mara moja tu. Wakati huo milango mingine yote ifungwe na mtu asipite mbele ya sensa yoyote ya mwendo, maana paneli itashika sauti ya kwanza itakayoisikia, na unaweza kujikuta umesajili sensa ya jikoni mara mbili na ya geti hukuisajili kabisa. King'ora kisicho na waya nacho husajiliwa. Wapo waliobadilisha sensa zote na kumbe aliyekuwa mgeni kwa paneli ni king'ora.

Usiache aina ya kanda kama ilivyotoka kiwandani. Kila sensa hupangiwa kanda: ya kulia papo hapo, ya kuchelewa ili upate muda wa kuzima, ya saa 24, au ile isiyohesabiwa wenyewe mkiwa ndani. Sensa ya sebuleni ikipangwa kwenye hiyo ya mwisho, itanyamaza usiku mkiwa mmelala, nawe utaapa kwamba ni mbovu. Soma mpangilio kabla ya kushika bisibisi.

Usilipuuze suala la namba za siri za sensa na rimoti. Vifaa vya zamani vyenye chipu ya PT2262 hupangwa kwa vijipini, na mpangilio wa vijipini 8 hutoa namba 6,561 tu. Majirani wawili walionunua kwa muuzaji mmoja, wakaacha vijipini kama vilivyo, watazimiana mitambo kwa rimoti. Chipu ya EV1527 ina namba zaidi ya milioni moja, hivyo kugongana ni nadra, ila namba yake haibadiliki, na mwenye kifaa cha kunasa mawimbi anaweza kuirudia. Rimoti ikipotea, ifute kwenye paneli siku hiyo hiyo. Usimkopeshe mtu rimoti.

Usibandike sensa ya mlango moja kwa moja kwenye chuma. Ndani ya sensa hiyo mna swichi nyembamba inayovutwa na sumaku. Sumaku ikiwa karibu, swichi imefunga. Ikisogea, inaachia, na sensa inatuma habari. Mlango wa chuma unavuruga mambo mawili kwa pamoja. Kwanza chuma kinaipora sumaku nguvu yake, kwa hiyo umbali ulioandikwa kwenye boksi unapungua. Pili kinaharibu kazi ya antena iliyomo ndani ya sensa, na mawimbi yanayotoka yanakuwa hafifu. Matokeo yake ni sensa inayofanya kazi mkononi na kufa ikishabandikwa.

Dawa ni rahisi. Weka kipande cha mbao au plastiki kati ya chuma na sensa, na kingine kati ya chuma na sumaku. Kama fremu ni ya mbao na mlango ndio wa chuma, sensa ikae kwenye fremu. Nunua sensa zilizotengenezwa kwa milango ya chuma ukizipata. Sumaku yake ni kubwa zaidi. Alama ya sensa na alama ya sumaku zitazamane, na pengo lisizidi sentimita moja. Milango ya mbao ina tabia yake: mvua zikianza inavimba, kiangazi inasinyaa, na pengo ulilopima Septemba si pengo la Machi. Pima tena. Na gundi ya pande mbili haipendi vumbi wala ukungu wa asubuhi wa Mbulu, tumia skrubu.

Usiamini mita 100 zilizoandikwa kwenye boksi. Hizo ni za uwanja mtupu, sensa na paneli zikionana. Ukuta wa tofali za kuchoma unapunguza, zege yenye nondo inapunguza zaidi, na bati halipitishi mawimbi, linayarudisha. Banda lililozungushiwa bati pande zote ni sanduku la chuma; sensa iliyo ndani yake inajisemea yenyewe. Paneli nayo isifungiwe kwenye kabati la chuma, isiwekwe juu ya friji, wala isibanwe kati ya televisheni na king'amuzi. Inveta ya sola na chaja za bei ya kutupa hutoa kelele ya redio inayofunika sauti ya sensa. Sogeza paneli mita mbili au tatu kutoka kwenye vitu hivyo kabla ya kununua chochote.

Kama paneli ina waya wa antena unaoning'inia, usiukate wala kuukunja ili ipendeze. Kwa megahezi 433.92 robo ya wimbi ni sentimita 17 na ushei, na urefu wa waya umepimwa kwa hesabu hiyo. Jaribio la kutenganisha kosa ni hili: chukua sensa inayosumbua, ilete mita moja mbele ya paneli. Ikisikika, tatizo ni umbali au kizuizi. Isiposikika, rudi kwenye betri na usajili. Jaribio hilo ni la dakika mbili, na watu wanalikwepa na kukimbilia Babati kununua sensa nyingine.

Usielekeze sensa ya mwendo kwenye zizi. Wairaqw wa zamani walichimba nyumba zao ndani ya mteremko ili wavamizi wa mifugo wasizione kwa urahisi, na ng'ombe walilala humo humo na watu. Leo ng'ombe wengi wako nje, na mwenye nyumba anataka sensa iwalinde. Shida ni kwamba sensa ya mwendo haioni mtu. Inaona joto linalosogea. Ng'ombe ni joto kubwa. Usimlaumu ndama aliyeamka saa nane usiku. Zizi linalindwa kwenye geti lake: sensa ya sumaku inayovumilia pengo kubwa, isiyoingiza maji, juu ya nguzo ya mbao. Ukiwa na uwezo, tumia jozi ya sensa za miale zinazotazamana juu ya urefu wa mgongo wa ng'ombe.

Ndani ya nyumba, iweke sensa ya mwendo kwenye kona, mita 2 hadi 2.4 kutoka sakafuni, mtu apite kukatiza mbele yake na si kuiendea. Isitazame meko, dirisha linalopigwa na jua, wala pikipiki iliyoingizwa ndani ikiwa ya moto. Kwenye baridi ya Mbulu, mwili wa mtu unatofautiana sana na ukuta, kwa hiyo sensa inakuwa kali kuliko ingekuwa kwenye joto la Dar es Salaam. Punguza ukali wake kama ina kipimo. Futa utando wa buibui kwenye kioo chake. Na kabla ya kuitangaza kuwa imekufa, kumbuka kwamba nyingi hulala dakika kadhaa baada ya kutuma ili kuokoa betri. Unapita mara ya pili, ya tatu, ya nne, kimya. Nawe ndiye uliyeizuia isiamke. Toka chumbani, funga mlango, rudi baada ya dakika tano. Kama ina kijipini cha majaribio, kitumie, kisha ukirudishe mahali pake.

Usipime betri ikiwa imepumzika. Betri ya kitufe ya CR2032 iliyochoka inaweza kusoma volti 3 kwenye multimita, kisha ikaporomoka sensa inapotuma. Pima huku sensa ikituma. Baridi huinyima betri nguvu, ndiyo maana sensa inaweza kugoma alfajiri na kupona saa sita mchana. Andika tarehe kwenye kila betri kwa kalamu. Usichanganye mpya na ya zamani.

Usiitoe betri ya kitambuzi cha gesi ya mkaa kwa sababu kinapiga kelele. Sharti hili halina mjadala. Baridi inapokaza watu huingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha. Gesi inayotoka haina harufu wala rangi, na inaua waliolala. Kikilia, toa watu wote nje, hata wenye usingizi, ndipo muanze kuulizana kama ni kibovu. Kinachofaa kuhamishwa ni kile cha moshi kilichowekwa jikoni kwenye kuni. Hapo weka cha joto. Vya gesi vina umri wa miaka iliyoandikwa nyuma yake. Umri ukiisha, tupa.

Kagua umeme na laini ya simu. Chomoa paneli usiku na uone asubuhi kama bado iko hai. Betri ya akiba iliyochoka huwa inaonekana nzima hadi LUKU iishe. Laini iliyo ndani ya paneli iondolewe namba ya siri, iwe na salio au kifurushi, na isiachwe bila kutumika kwa miezi. Ukiwa nyuma ya kilima, sogeza paneli upande wenye mtandao kabla ya kulaumu sensa. Weka kinga ya radi, maana mawingu yakikusanyika juu ya Hanang hayaji kusalimia.

Badilisha jambo moja kwa wakati. Ukibadilisha betri, ukahamisha paneli na kusajili upya kwa mkupuo, hata mambo yakipona hutajua kilichoponya, na kosa likirudi utaanza gizani.

Panga namba za kupigiwa kwa miguu, si kwa mapenzi. Mtoto aliyeko Dar es Salaam ndiye aliyelipia mtambo, kwa hiyo namba yake inawekwa ya kwanza. Kosa. Akipokea ujumbe saa tisa usiku, atakachoweza ni kukupigia wewe. Namba ya kwanza iwe ya jirani anayefika kwa kutembea, ya pili iwe ya kiongozi wa ulinzi shirikishi wa kitongoji, na mtoto awe wa tatu. Kubalianeni mapema nani anatoka na nani anapiga simu polisi. Kama hakuna mtu hata mmoja atakayeitika king'ora, usinunue sensa nyingine. Hela hiyo nunulia kufuli nzito na taa ya nje.