Nyuki Anapopotea Njia: Viuatilifu na Ubongo wa Wanyama

Mkoa wetu wa Katavi hulima pamba na tumbaku, na pia hurina asali, hasa upande wa Inyonga wilayani Mlele. Mmoja anapuliza dawa shambani, jirani yake ametundika mizinga porini. Tujiulize: dawa inamfanya nini mdudu ambaye haikumuua?

1. Sumu katika neva

Seli za neva hupashana habari kwa kemikali. Mojawapo ni asetilikolini. Ikishafikisha ujumbe, kimeng'enya huivunja na neva hutulia. Viuatilifu vya kundi la oganofosfati hukizuia kimeng'enya hicho: ujumbe haukomi, na mnyama hutokwa mate, hutetemeka, hata kupooza. Kundi jingine, neonikotinoidi, hukaa mahali pa asetilikolini yenyewe na kuisisimua neva. Jina hilo limetokana na nikotini, sumu ambayo tumbaku hujikinga nayo dhidi ya wadudu.

2. Kipimo kisichoua

Mwaka 2012 watafiti nchini Ufaransa waliwabandika nyuki vitambulisho vidogo mgongoni, wakawalisha thiamethoksamu kidogo isiyoua, kisha wakawaachia mbali na mzinga. Walioshindwa kurudi walikuwa wengi kuliko wenzao ambao hawakulishwa sumu. Mwaka 2015 utafiti mwingine ulionyesha kwamba nyuki hawaonji sumu ya aina hii ndani ya maji ya sukari, na hata huyanywa zaidi yale yenye sumu. Mwaka 2018 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku kutumia neonikotinoidi tatu mashambani.

3. Tafakari ya kifalsafa

Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha (Summa, Sehemu ya Kwanza, swali la 78) kwamba kondoo humkimbia mbwa mwitu si kwa sababu ya rangi au umbo baya, bali kwa kumtambua kuwa adui. Mnyama amepewa uwezo wa ndani wa kukadiria lenye faida na lenye madhara. Sumu ya neva huuvuruga uwezo huo huo: nyuki hufuata kinachomdhuru akidhani ni chakula.

Mtu atasema: nisipopuliza, pamba italiwa, na ada ya mtoto itatoka wapi? Hoja hiyo ni ya haki. Lakini nyuki hana akili ya kujihoji na kujirekebisha, mkulima anayo. Kwa hiyo ni lazima mwenye akili akadirie pia kwa niaba ya asiye nayo. Papa Fransisko, katika Laudato Si' namba 34, anakumbusha kwamba wadudu na ndege wengi wanaotoweka kwa sumu hizi huisaidia kilimo chenyewe. Alizeti na maboga yetu huhitaji wachavushaji.

4. Tufanye nini?

- Tusome lebo na tusizidishe kipimo.
- Tusipulize mimea iliyochanua. Ikibidi, tupulize jioni nyuki wakiwa wamerudi.
- Tumjulishe mapema mwenye mizinga.
- Tusioshe bomba la dawa mtoni.

Maswali ya kutafakari

1. Je, kutokuua kunatosha kusema sijadhuru?
2. Katika jumuiya yetu ndogo ndogo, wakulima na wafuga nyuki wanakaa lini kuzungumza kabla ya msimu wa kupuliza?